Viwiko vya Mwalimu Kaluki

Ungemjua Mwalimu Kaluki Mwangangi kwa viwiko kabla hujamjua kwa sura. Ngozi yake pale ilikuwa nene, nyeusi, imepasuka kama kisigino cha mchunga mbuzi, naye hakuificha. Mikono ya blauzi zake aliishona ikomee juu ya kiwiko, na mtu akiuliza, alijibu kwamba hizo ni alama za kazi. Kazi yenyewe ilikuwa maombi.

Kila alfajiri kikundi cha akina mama kilikutana katika kanisa lao la mabati pale Sultan Hamud, ng'ambo ya reli. Walipiga magoti sakafuni, wakayageukia mabenchi, wakaegemeza viwiko na kukunja mikono hadi ngumi zikagusa paji la uso. Mabenchi hayo yalichongwa na waumini wa kwanza kutokana na mataruma ya zamani ya reli, na taruma ni mbao iliyozoea kubeba gari moshi. Haina huruma na mfupa wa mwanamke. Wengine waliinuka kila baada ya muda wakajinyoosha. Kaluki hakuinuka. Alimaliza kuwaombea watoto wake, akaingia kwa wa jirani, akapitia mvua, mbaazi, serikali na wagonjwa, na alipofika kwenye Amina wenzake walikuwa wamekwisha kufunga leso zao. Waliosali wameketi aliwadharau waziwazi. "Hao wanasubiri basi," alisema.

Alikuwa na diploma ya sayansi ya nyumbani, na kwa miaka mingi alifundisha wasichana kukata na kushona katika chuo cha ufundi pale mjini. Diploma hiyo ilimfanya ajue mambo mengi, na mengine ambayo hayakuwa ndani yake. Jirani akikohoa, Kaluki alijua ni vumbi la jiko. Mtoto akivimba tumbo, alijua ni minyoo hata kabla hajaona tumbo. Watu walimsikiliza, kwa sababu mara nyingi alipatia, na kwa sababu kumnyamazisha kulikuwa kazi ngumu kuliko kumeza dawa.

Basi mwaka wa themanini na tisa, kabla ya mvua za vuli, kidole chake cha mwisho cha mkono wa kulia kilipolala usingizi kikakataa kuamka, hakuuliza mtu.

"Ni damu," alimwambia mumewe. "Damu imepungua."

Mumewe, Jonah, alikuwa mtu wa reli, mwenye kazi ya kuinua na kushusha bendera, na alikuwa ameishi na Kaluki muda wa kutosha kujua ni treni gani ya kusimamisha na ni ipi ya kuacha ipite. "Imepungua kwenye kidole kimoja?" aliuliza.

"Viwili. Na cha pete pia."

"Basi hiyo damu inajua kuchagua."

Kaluki alikula maini wiki nzima. Alikula mchicha, akanywa supu ya mifupa, akawalazimisha na watoto. Watoto walinenepa. Vidole vilibaki vimelala.

*

Aibu ya kwanza ilimpata mbele ya wanafunzi. Kwaya ya kanisa ilikuwa imenunua kitambaa cha kanzu, buluu, jora zima kutoka Mombasa, na hakuna aliyethubutu kukigusa isipokuwa Mwalimu. Alikitandaza juu ya meza, akachora kwa chaki, akawaita wasichana wasogee waone jinsi mkasi unavyopaswa kwenda: kwa utulivu, bila kuhema.

Mkasi ulikwenda vizuri hadi kwenye shingo. Hapo vidole viwili vya nyuma vikaacha kushika, bila kumwarifu. Mkasi ukapinda, ukateremka, ukafungua kanzu kutoka shingoni hadi kitovuni.

Wasichana hawakucheka. Hilo ndilo lilimwuma zaidi. Walitazama kitambaa, wakamtazama yeye, kisha mmoja wao akasema taratibu, "Labda hiyo ni ya mama anayenyonyesha, Mwalimu."

Baada ya hapo mambo yaliharibika kwa mpangilio wa kuudhi. Hakuweza kufunga kifungo cha nyuma. Jonah alikuwa akimfungia, huku akipiga mluzi. Hakuweza kushika kipande cha ugali bila kudondosha mchuzi kifuani. Chaki ilimtoka. Ufunguo wa mlango ulimshinda kuzungusha, akawa anagonga kwake kama mgeni. Na katikati ya kidole gumba na cha shahada, pale nyuma ya mkono, nyama ilianza kubonyea. Aliiona akiwa anaosha vyombo. Aliufunika mkono kwa povu, akaendelea kuosha.

Kwa mara ya kwanza alimaliza siku nzima bila kumwambia mtu yeyote anaugua nini.

Mwanamke wa kukata nguo asiyeweza kushika mkasi ni nini? Aliyajua majibu yote ya swali hilo. Chuo kisingemweka darasani aelekeze kwa mdomo, ingawa mdomo ulikuwa mzima.

*

Akina mama waligundua, kwani hawakuwa vipofu. Mwenyekiti wao, Mama Ndululu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kupenya bati, alimshika begani baada ya ibada.

"Mwalimu, huo mkono tuuombee."

"Ni damu tu, mama."

"Hata damu ni ya Mungu. Tutakaza maombi."

Wakakaza. Badala ya kuombea wilaya nzima, sasa waliombea mkono mmoja. Kaluki aliwekwa katikati, viwiko juu ya taruma, na wenzake wakamzunguka na kumwekea mikono mabegani, uzito wao wote ukimshukia kwenye mifupa miwili midogo. Kadiri walivyoomba ndivyo ganzi ilivyopanda. Ikatoka vidoleni, ikafika kwenye kifundo cha mkono. Wakati mwingine, katikati ya maombi, kitu kama umeme kilimpiga kutoka kiwikoni hadi kwenye kucha, akapiga ukelele, na akina mama wakajibu kwa sauti moja, "Asante, Yesu."

"Bwana anafanya kazi," alisema Mama Ndululu. "Nimemwona akishuka."

Lakini mkono ulizidi kufa. Ikabidi swali liulizwe, na Mama Ndululu akaliuliza kwa upole, mbele ya watu wote. "Mwalimu, hakuna mtu uliyemkosea? Wakati mwingine jibu linazuiwa na kitu kidogo."

Kaluki alirudi nyumbani akatafakari. Shida haikuwa kupata mtu aliyemkosea. Shida ilikuwa pa kuanzia. Alikuwa amesema ukweli kwa watu wengi. Mwishowe aliona aanze na mkubwa, akaenda kwa Mama Ndululu mwenyewe, akaketi, akakataa chai ili asiimwage.

"Mama, nimekuja unisamehe. Niliwaambia watu kwamba ukiimba unafanana na mbuzi aliyekwama kwenye waya."

Mama Ndululu aliweka kikombe chake chini.

"Ulisema hivyo?"

"Ndiyo."

"Mimi sikuwa nimesikia."

"Ah," alisema Kaluki.

"Uliwaambia watu gani?"

Kwa hiyo sasa alikuwa na mkono mgonjwa na mwenyekiti aliyenuna. Jonah, aliposikia, alilazimika kutoka nje. Alisimama uani akiwa amegeukia ukuta, mabega yakimtikisika, na aliporudi ndani alikuwa amejifuta machozi.

"Mama Mulei," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Umekula maini, umeomba, umetubu hata dhambi ambazo aliyekosewa hakuwa na habari nazo. Bado hospitali. Twende Makindu."

"Niende niambiwe nini ambacho sijui?"

Jonah aliuchukua mkono wake wa kulia, akautazama pale palipobonyea. Hakufanya mzaha. "Hiki," alisema.

*

Hospitalini karani wa dirishani alimpa kadi ajaze. Kaluki alishika kalamu. Kalamu ikalala upande, ikachora mstari kama njia ya mchwa. Akajaribu tena.

"Mama, kama hujui kuandika hakuna shida," karani alisema kwa sauti ya kusaidia, ambayo foleni nzima iliisikia. "Kuna wino hapa. Weka kidole gumba."

Kaluki alikuwa amewahi kufundisha jioni darasa la watu wazima, kazi ikiwa hasa kuwaachisha kidole gumba. Alifungua mdomo atoe maelezo, akaona foleni ilivyo ndefu na jua lilivyo kali, akachovya kidole.

Daktari alikuwa msichana mwembamba, mwenye ushungi mweupe na macho yasiyo na haraka. Aliitwa Deqa Billow. Kaluki alilitambua jina. Baba wa binti huyo alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, na nusu ya nyama iliyoliwa kando ya barabara ya Mombasa ilikuwa imepita mikononi mwake.

"Mama, shida ni nini?"

"Ni upungufu wa damu, na nafikiri sasa umeingia kwenye moyo."

"Haya," alisema daktari, kama mtu aliyepewa habari za hali ya hewa. "Tuangalie."

Aliigeuza shingo yake huku na huku, akaibonyeza, akauliza kama inauma. Haikuuma. Alipitisha pamba kwenye vidole, Kaluki akiwa amefumba macho. Gumba, sawa. Shahada, sawa. Kati, sawa. Nusu ya kidole cha pete ilisikia na nusu haikusikia, kana kwamba mpaka wa wilaya umepita hapo. Cha mwisho kilikuwa cha mtu mwingine. Kisha daktari alimpa kipande cha karatasi akishike kwa gumba na ubavu wa kidole cha shahada, mkono wa kushoto na wa kulia, naye akavuta. Kushoto karatasi ilichanika. Kulia ilitoka yenyewe, laini, kama inatolewa kwenye bahasha.

"Nipe tena," alisema Kaluki. "Sikuwa nimejiandaa."

Ikatoka tena.

Mwishoni daktari alimgonga kwa ncha ya kidole nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, katika kile kibonde kati ya mifupa miwili. Umeme ukapita hadi kwenye kucha. Kaluki alisema neno la Kikamba ambalo halisemwi kanisani.

"Hapo ndipo nyumbani kwake," daktari alisema. "Mshipa wa fahamu unapita hapo, karibu kabisa na ngozi. Ndio ule ukigonga kiwiko mlangoni unaruka. Wako umebanwa. Damu yako ni nzuri, mama, na moyo pia. Sasa niambie, unaegemea wapi?"

"Siegemei popote. Mimi si mtu wa kuegemea."

"Dukani? Dirishani? Unalalia mkono?"

"Hapana."

Daktari alivitazama vile viwiko, vyeusi, vimepasuka, vimeachwa wazi na blauzi iliyoshonwa kwa ajili hiyo. Alingoja. Kaluki alikuwa mwalimu. Alikijua kimya cha mtu anayesubiri jibu sahihi, maana alikitumia kila siku.

"Naomba," alisema hatimaye.

"Unaombaje? Nionyeshe."

Ndivyo ikawa kwamba Mwalimu Kaluki, nguzo ya akina mama wa Sultan Hamud, alipiga magoti kwenye sakafu ya hospitali mbele ya binti wa Kiislamu, akaegemeza viwiko kwenye ukingo wa kitanda cha wagonjwa, akakunja mikono hadi usoni. Jonah, mlangoni, alivua kofia kwa mazoea.

"Kaa hivyo kidogo," alisema daktari.

Kaluki akakaa. Hakuwa hata amefika kwa watoto wa jirani, sisimizi walianza kutembea kwenye kidole cha mwisho.

"Ganzi imekuja?"

"Imekuja."

"Inuka, mama. Ukikunja hivyo mshipa unavutika. Ukiegemea juu yake unasagika. Kwa muda gani kila siku?"

Jonah akajibu kutoka mlangoni. "Daktari, mimi huamka, naoga, nakunywa chai, treni ya mizigo inapita, na bado."

Daktari alijikaza asicheke. Alieleza kwamba usiku alale mkono umenyooka, umefungwa taulo nene ili usikunjike. Mchana asiuegemeze popote, wala kuukunja kwa muda mrefu. Arudi baada ya miezi miwili. Ganzi ingeweza kuondoka. Ikikataa, angemwandikia barua kwa daktari wa upasuaji, mshipa uhamishwe mahali penye nafasi.

"Na hii?" Kaluki alionyesha pale palipobonyea.

"Iliyokwisha sina ahadi. Iliyobaki tunaweza kuiokoa. Lakini ukiendelea kuegemea, itakwisha yote, na ikikwisha hairudi hata kwa upasuaji."

"Kwa hiyo nisiombe."

"Mimi sijasema usiombe," alisema Deqa Billow. "Kuomba sina dawa yake. Nimesema usiegemee."

*

Nyumbani alifungwa taulo, akalala mkono umenyooka kama nguzo ya simu. Akigeuka, nguzo ilimwangukia Jonah. Jonah alihamia ukutani, kisha kwenye kochi. Taratibu, sisimizi wakaanza kupungua.

Kanisani aliketi. Alikuwa amejiandaa kwa maelezo.

"Goti," aliwaambia akina mama. "Daktari amesema goti."

Uongo ulimtoka laini kuliko alivyotarajia. Angesema nini? Kwamba miaka yote hiyo ya kujivunia viwiko alikuwa akijivunia ugonjwa? Wakapiga magoti wote kumzunguka, naye akabaki juu yao, mgongo wima, mikono imenyooka mapajani, abiria asiye na tiketi.

Haikuchukua muda mkono ukaonyesha dalili. Alishika kikombe. Alifunga kifungo kimoja, Jonah akapiga makofi. Na Mama Ndululu, ambaye hakuwa amemsemesha tangu habari ya mbuzi, akatangaza Jumapili mbele ya kanisa zima kwamba Mungu amejibu maombi ya alfajiri, na Mwalimu aje mbele ashuhudie.

Kaluki alikuwa na ushuhuda mfupi kichwani. Bwana asifiwe, naendelea vizuri, asanteni, kuketi. Alifika mbele, akageuka, akafungua mdomo. Hapo akauona mkono wa kulia wa Mama Ndululu.

Mwenyekiti alikuwa ameubana mkoba wa sadaka kwa kigasha, ukigusa kifua, kwa sababu vidole haviushiki. Alikuwa akikung'uta mkono huo kando ya leso, kidogo kidogo, kama mtu anayefukuza nzi asitake nzi ajue. Kaluki alijua kukung'uta huko. Alijua pia kwa nini kunafichwa. Mkono ukifa ganzi katika kanisa lile, watu wangeanza kutafuta dhambi yako, na yeye mwenyewe alikuwa amewaonyesha jinsi inavyotafutwa.

Angeweza kuketi. Mkono wake ulikuwa unapona.

"Mama Ndululu," alisema, "hebu shika hii."

Alichomoa bahasha moja kutoka mkobani, akamwekea kati ya gumba na shahada. Mwenyekiti, kwa mshangao, akashika. Kaluki akavuta. Bahasha ikatoka. Akamrudishia, akavuta tena, ikatoka tena. Mzee wa kanisa aliyekaa mbele alisimama nusu, kwani kwa macho yake Mwalimu alikuwa ananyang'anya sadaka madhabahuni.

"Niliwadanganya," Kaluki aliliambia kanisa. "Si goti. Ni kiwiko, na kiwiko kimeharibiwa na benchi. Mshipa unabanwa nikiegemea, na usiku nalala mkono nimeufunga taulo. Tulikuwa tunauombea mkono huku tunausaga. Hakuna dhambi hapo. Zangu mnazijua, na hazikuwa zimefika kwenye vidole. Kama kuna mwingine ambaye kidole cha mwisho kimelala, ainue mkono."

Hakuna aliyeinua. Mchungaji alitafuta wimbo. Mama Ndululu alirudi kuketi, uso umefungwa kama duka siku ya mazishi, na wakati wa kuimba hakutoa sauti yoyote.

*

Jioni, mlango wa nyuma uligongwa. Jirani alikuwa amekuja kuomba chumvi. Alipewa, hakuondoka. Akaulizia, kwa niaba ya dada yake aliye mbali sana, kama hiyo taulo hufungwa juu ya kiwiko au chini. Baada yake akaja mwingine, wa kibiriti. Wa tatu alipokuja kuomba ungo, Jonah alisema kama mambo ni haya afungue duka.

Mama Ndululu alikuja wa mwisho, na hakuomba kitu. Aliketi kwenye stuli jikoni, akaweka mkono wake wa kulia juu ya meza, kiganja juu, kama samaki anayepimwa. Pale kati ya gumba na shahada kivuli kilikuwa kimeanza kuingia.

"Tangu lini?" aliuliza Kaluki.

"Tangu kabla yako."

"Na ukaniuliza mimi nimemkosea nani."

"Nilikuwa nasikilizia. Ungepata jibu, nami ningelitumia. Nikafikiri wangu ni kwa sababu ya sauti. Kwamba najivuna nikiimba. Kisha ukaja na habari ya mbuzi, nikasema, basi ndiyo hiyo."

Kaluki, mwenye neno la kila jambo, alijishughulisha na chai.

"Mungu anamsikia mtu akiomba ameketi?" aliuliza Mama Ndululu.

"Sijui, mama. Mimi naketi na mkono unarudi, lakini usinifanye mimi ushahidi. Nenda Makindu. Muulize binti wa Billow, yeye anajua. Mimi leo nitakufunga tu hiyo taulo."

Aliikunja taulo mara mbili, akaizungusha kwenye kiwiko cha mwenyekiti, akatoa utepe wa kushonea, akaanza kufunga. Fundo ni kitu kidogo. Alikuwa amelifundisha kwa wasichana wa siku ya kwanza. Utepe ukamtoka. Akajaribu tena, ncha ikateleza kati ya vidole viwili vya nyuma ambavyo vilikuwa bado havijaamka vizuri.

"Lete," alisema Mama Ndululu, na kwa mkono wake wa kushoto akabana ncha moja juu ya taulo. Kaluki akavuta ile nyingine. Ikashika, ikalegea, wakaanza upya, vichwa vikigusana juu ya meza: wanawake wawili wazima, mmoja na diploma yake, na fundo moja.